Singeli ya Wazazi

Ukitaka kujua umri wako hapa Dar es Salaam, achana na cheti cha kuzaliwa. Nenda kwenye sherehe, ule, ushibe, halafu subiri wakati wa kutoa zawadi. MC ataita kundi moja moja kutoka mlangoni. Wazazi wataingia na dansi ya zamani, wakitembea taratibu kama watu wanaopima sakafu. Vijana wataingia na singeli, muziki wa mbio, wakiruka mpaka viatu viwavuke. Kundi utakaloingia nalo ndilo umri wako, hata kama kichwa kimejaa mvi.

Tupokigwe Mwaipopo alikuwa na miaka thelathini na sita. Kule Gongo la Mboto alikokuwa anafundisha alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, na wanaume wenye ndevu waliogopa kuchelewa kazini kwa sababu yake. Lakini kila alipokanyaga kwenye shughuli ya ukoo aligeuka msichana, kwa kuwa hakuwa na mume. Kwenye harusi ya mdogo wake, Clara, alijisahau akajipanga na akina mama. Shangazi yake, Jesca, alimshika kiwiko mbele ya watu akamtoa mstarini. "We bado, mama. Kundi lako lile kule." Kule walikuwepo mabinti waliomaliza shule jana, wanatafuna bigijii.

Siku ile ndiyo aliyokutana na Ansbert. Yeye alikuwa anapiga muziki, na aliliona tukio lote kutoka kwenye meza yake ya vyombo vya muziki. Vijana walipoingia na singeli yao, Tupokigwe akiwa wa mwisho, macho chini, Ansbert aliizima ile singeli katikati, akaweka wimbo wa taratibu ambao haukuwa wa wazee wala wa watoto, akamsubiri mpaka afike mbele. Baadaye alimfuata na soda mkononi.

"Samahani, Mwalimu. Nilikukatia singeli. Niliona miguu yako imegoma."

Tupokigwe alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kicheko kikazaa namba ya simu, simu zikazaa chai ya jioni, na chai ya jioni, kama mnavyojua wenyewe, haijawahi kuishia kwenye chai.

Tatizo lilikuwa Mzee Benson, baba yake Tupokigwe. Mstaafu wa reli, mzee wa kanisa, mtu wa msimamo. Kwake yeye kwaya ni ya Mungu na dansi ni ya watu wazima. Hayo mengine, bongo fleva na singeli, ni mambo ya watoto, na anayeishi kwa kuyapiga ni mtoto hata akiota kipara. Mshenga wa Ansbert, Mzee Gregori, alipopiga hodi alikaribishwa vizuri, akanywa chai na maandazi, halafu akaambiwa kwa sauti ya upole, "Tumekuelewa, mzee mwenzangu. Ila umetuletea posa ya kijana. Siku ukija na ya mtu mzima, mlango uko wazi." Huyo kijana alikuwa na miaka thelathini na minane.

Na hapa ndipo Tupokigwe alipokosea, tuseme ukweli. Badala ya kusimama na mpenzi wake, aliyabeba maneno ya baba yake akampelekea kama yalivyo. Walikuwa wamekaa Temeke kwa muuza mihogo, pilipili bado iko midomoni.

"Kuna shule ya rafiki yangu wanatafuta mtunza stoo," alimwambia. "Ichukue hiyo kazi. Achana na haya maspika. Kua, Ansbert."

Ansbert aliuweka mhogo kwenye sahani. "Kwa hiyo na wewe unanionaga mtoto?"

Hakumjibu. Kile kimya ndicho kilichowatenganisha. Mwezi ukaisha bila simu, bila ujumbe, na Tupokigwe akajifunza kwamba chai ya kunywa peke yako haina ladha hata uitie iliki.

Sasa Jumapili hii ilikuwa jubilei ya ndoa ya wazazi wake, miaka arobaini na mitano. Baada ya ibada watu wote walitakiwa kuhamia kwenye ukumbi mmoja wa Temeke kwa chakula cha mchana. Na mpiga muziki? Rogers, mume wa Clara, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na alikuwa amempa Ansbert kazi hiyo kabla mshenga hajarudishwa. Mzee Benson alipoambiwa hakugomba. "Apige, ale, aende," alisema, akaendelea kusoma gazeti.

Tupokigwe aliwahi ukumbini kabla ya wageni, akijidai anakwenda kuangalia keki. Keki ilikuwa nzima, buheri wa afya. Aliyemkuta amepiga magoti akibandika nyaya sakafuni kwa utepe wa gundi alimfanya asahau alichojidai kukifuata.

Ansbert alikuwa amevaa suti, suti ya kijivu yenye mabega mapana, na tai. Mtu aliyezoeleka kwa kofia na jezi, leo alionekana kama karani aliyepotea njia ya mahakamani.

"Umevaa suti," Tupokigwe alisema.

Ansbert aliinua uso. Akamtazama kwanza, akamtazama vya kutosha, ndipo akasimama akajifuta magoti. "Si uliniambia nikue?"

"Ansbert..."

"Sikulaumu, Mwalimu. Nilikwenda kwenye ile shule ya rafiki yako. Wamenichukua. Naanza kesho asubuhi, nahesabu madaftari na chaki." Alipapasa spika moja mgongoni, vile mtu anavyompapasa ng'ombe anayepelekwa mnadani. "Hivi vyombo vina mteja wa Msasani, anakuja kuvibeba kesho jioni. Leo ndio mara ya mwisho mie kupiga. Nikaona angalau niage kwenye shughuli ya wazazi wako."

Alichokiomba ndicho hicho, na sasa alikuwa amekipata. Tupokigwe alisubiri furaha ije, lakini haikuja. Alitaka kumwambia, usiuze. Alitaka kumwambia, nimekukumbuka mpaka nimekonda. Mdomo wa mwalimu mkuu msaidizi, uliozoea kutangaza mbele ya wanafunzi elfu moja, ukatoa maneno haya:

"Hongera."

"Asante," alisema Ansbert, akarudi kwenye nyaya zake.

Wageni wakaanza kuingia. Hapo pakawa hakuna nafasi tena ya kuzungumza, palibaki macho tu. Wakati wa chakula Tupokigwe alikuwa akinyanyua kijiko, anamwona Ansbert anamtazama. Anashusha kijiko, Ansbert yuko kwenye kompyuta yake. Yeye naye akimtazama kwa wizi, Ansbert anageuka. Walipishana hivyo pilau nzima, hadi Clara, aliyekaa jirani na dada yake, akasema, "Dada, kula au nenda. Unanipa kizunguzungu."

Mzee Benson alikuwa meza kuu, amevaa kaunda suti mpya ya bluu, na pembeni yake Mama Auleria, mkewe, kwenye kitenge cha dhahabu. Mzee alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwa ajili ya siku yake. Kundi la wazazi likiingia na zawadi, upigwe wimbo fulani wa dansi wa ujana wake, ambamo mwanamume anaimba kwamba amechelewa, mke asifunge mlango, maana anakuja na mabati ya kuezekea nyumba yao. "Huo ndio wimbo wa mtu mzima," alimweleza Rogers. "Una mke, una nyumba, una mabati. Hizi za sasa zina nini?" Ansbert alikuwa ameutafuta huo wimbo siku nyingi, hatimaye akaupata.

Ukafika wakati wa zawadi. MC Gozbert, mnene mwenye sauti ya kengele, alishika kipaza sauti. "Tunaanza na walioutangulia ulimwengu! Wazaziii, mko tayari mlangoni?"

"Tuko tayariii!" wakajibu akina mama kwa pamoja. Shangazi Jesca alikuwa mbele kabisa, blanketi zito begani.

Vijana walikuwa wamejipanga upande wa pili wakisubiri zamu yao. Tupokigwe aliutazama mstari wa wazazi, akautazama wa vijana, akaona miguu haimpeleki kokote. Akasimama katikati, karibu na nguzo, sanduku la vikombe mkononi, kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Akainua macho. Ansbert alikuwa anamtazama. Safari hii hakuna aliyegeuka. Tupokigwe aliyaona macho ya mtu anayeaga, na yeye akamjibu kwa macho ya mtu anayekataa kuagwa, na bila kujua akawa anatikisa kichwa: usiende.

"DJ!" Gozbert alinguruma. "Wape wazazi kitu chao!"

Ansbert alibonyeza bila kuangalia. Ikatoka singeli.

Haikutoka kidogokidogo. Ilitoka yote kwa mkupuo, ngoma zinakimbizana, na sauti ya kitoto inapiga kelele, "Mama nisubiri, sijamaliza kucheza! Mama nisubiri, sijamaliza kucheza!" Wazee wa kanisa mlangoni waliganda. Meza kuu mtu mmoja alimwaga soda. Mzee Benson aligeuza kichwa polepole kuelekea kwenye vyombo, na Tupokigwe, aliyemjua baba yake, alilikumbatia sanduku lake la vikombe. Imekwisha, alijisemea. Sasa hata Mzee Gregori akija na malaika, imekwisha.

Ansbert alishtuka akarusha mkono ili azime.

"We DJ!" Shangazi Jesca alipaza sauti iliyoishinda spika. "Gusa hapo uone!"

Mzee Benson alikuwa hajui kinachofanyika mjini Jumamosi alfajiri. Shangazi Jesca na nusu ya akina mama wale walikuwa na klabu yao ya jogging. Walikimbia barabarani nyuma ya gari lenye spika, na spika ile haikuwa inapiga kwaya. Shangazi alishusha blanketi begani akalifunga kiunoni. Akainama, akatikisa, akaingia. Nyuma yake akina mama wote wakaingia, wamebeba masufuria na mashuka, magoti yaliyokuwa yanauma kanisani asubuhi yamepona ghafla. Ukumbi ulilipuka. Na Mama Auleria, bibi wa jubilei, alisimama meza kuu, akamwachia mumewe mkoba wake, akateremka kuwapokea wenzake huku anaimba maneno yote bila kukosea hata moja.

Mzee Benson alibaki na mkoba wa kike mapajani.

Kelele zilipotulia, Gozbert alikimbilia kwenye vyombo akijifuta jasho. Tupokigwe alikuwa amekwishafika hapo, akijidai anatafuta pa kuweka sanduku lake.

"Braza, umeniua," Gozbert alinong'ona. "Mzee anatoa moshi. Sikiliza, akikuuliza sema kompyuta imegoma. Wazee hawajui mambo ya kompyuta. Na vijana sasa waingie na nini?"

"Na wimbo wa mzee," alijibu Ansbert. "Aliuomba. Hawezi kutoka hapa hajausikia."

"Vijana kwa dansi ya mabati? Watacheka."

"Wacheke. Uite, Gozi."

Vijana waliitwa. Gitaa la zamani lilipoanza, tamu, linatembea bila haraka, walitazamana kama watu walioletewa mtihani wa somo wasilolisoma. Mmoja akajaribu kuruka, akajiona mjinga, akaacha. "Huu unachezwaje?" waliulizana. Halafu binti mmoja aliyepitia darasani kwa Tupokigwe akasema, "Mwalimu, tangulia wewe."

Tupokigwe aliujua. Aliujua toka utotoni, Jumapili mchana, Mama yuko jikoni na redio iko dirishani, baba yake anampigia hesabu ya hatua kwa kidole mezani: taratibu, mama, unakimbilia wapi, muziki hauondoki. Alisogea mbele ya vijana, akashusha mabega, akaanza. Hatua mbili, kiuno kidogo, hatua mbili. Vijana walimfuata wakimwiga, na ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka.

Alipofika katikati ya ukumbi alimwona baba yake anashuka meza kuu. Watu walimpisha. Mzee alikuja mpaka mbele ya binti yake, akampokonya sanduku la vikombe, akampa kijana wa kwanza aliye karibu, akamshika Tupokigwe mkono. Wakacheza. Baba na mwana, mbele ya kundi la vijana.

"Bado unakimbilia," alisema Mzee Benson bila kumtazama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani alimleta yule mtu aniharibie shughuli?"

"Rogers, Baba."

"Nimeuliza kijinga. Nilikubali mwenyewe." Wakageuka. "Mama yako amejifunza wapi yale mambo?"

"Sijui, Baba," alidanganya Tupokigwe.

"Miaka arobaini na mitano. Unaishi na mtu, kumbe." Alitikisa kichwa, lakini kidole chake kilikuwa kinagonga mapigo kwenye kiganja cha binti yake.

Tupokigwe alivuta pumzi. Aliona akikosa kusema sasa hatasema tena. "Baba, babu kule Tukuyu alikupokeaje ulipokwenda kumposa Mama?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Aliniita mhuni wa dansi. Nilikuwa na suruali ya bugaluu, imefagia vumbi la njia nzima. Na viatu vya raizoni, kisigino hiki hapa." Mzee alionyesha kwa vidole, akajikuta anatabasamu. "Akasema nirudi nikiwa mtu."

"Ukarudi?"

"Nikavigawa vile viatu. Nikarudi na viatu bapa vya kazini, na suruali ya kaki. Nikapewa mke."

"Na Mama alisemaje?"

"Alilia. Mpaka leo akinikasirikia ananiuliza raizoni zangu ziko wapi. Eti yeye alimpenda yule mwenye raizoni, nikamletea mwingine."

"Ansbert anauza vyombo vyake kesho," Tupokigwe alisema. "Anakwenda kutunza stoo. Mie ndiye niliyemwambia, Baba. Nilimwambia akue. Na leo nimemwona na ile suti nikajua nimefanya dhambi. Mie nampenda yule mwenye spika. Sitaki uniletee mwingine."

Wakageuka tena. Vijana nyuma yao walikuwa wameanza kuimudu hatua, na mwimbaji alikuwa amefika kwenye mabati yake, anamwomba mke asifunge.

"Huu una nyumba," alisema Mzee Benson kwa ukaidi. "Ule wa mama yako una nini?"

"Ule mtoto anamwomba mama yake amsubiri. Huyu naye anamwomba mkewe amsubiri. Wote wamechelewa, Baba. Tofauti ni mabati tu."

Mzee alitoa mguno ambao ungeweza kuwa kicheko kama angeuruhusu. Halafu uso wake ukarudi kuwa wa mzee wa kanisa. "Sikiliza, mama. Mimi sina ugomvi na spika. Ugomvi wangu ni huu: nitajuaje kwamba siku mambo yakiharibika ndani ya nyumba yenu, huyo mtu atasimama? Wapiga muziki nawajua, nilikuwaga nao. Kila kitu kwao kina kisingizio. Wimbo huu ukiisha nitamfuata, nimuulize kwa nini amekosea. Akinidanganya, tumemalizana, na wewe hutanisumbua tena. Tumeelewana?"

Tupokigwe alikumbuka ushauri wa Gozbert. Angeweza kukimbia akamwonye. Meza ya vyombo ilikuwa hatua chache tu. Lakini alimtazama baba yake, akajua kwamba posa itakayopatikana kwa kuonywa itamdai Ansbert kisingizio kingine kesho na keshokutwa.

"Tumeelewana, Baba," alisema.

Gitaa likafifia. Watu walipiga makofi, akina mama vigelegele. Mzee Benson aliweka koti sawa, akatembea mpaka kwenye vyombo, Tupokigwe nyuma yake.

Ansbert alisimama, mikono mbele. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniharibia shughuli yangu."

"Nimekuharibia, mzee. Naomba radhi."

"Kwa nini?"

Gozbert, aliyesimama nyuma ya mzee, aliinua vidole akavichezesha hewani kama anayechapa kompyuta, macho yamemtoka. Sema. Sema imegoma. Ansbert alimwona, kwa kuwa alimtazama kidogo. Kisha akamtazama Tupokigwe. Tupokigwe hakumpa ishara yoyote. Alishika ukingo wa meza tu.

"Nilikuwa namtazama Mwalimu," alisema Ansbert. "Alikuwa amesimama peke yake pale kwenye nguzo. Nikamtazama, nikasahau kazi. Vyombo havina kosa, mzee. Kosa ni langu."

Gozbert alishusha vidole vyake kwa huzuni.

"Unajua kwamba ungeweza kusema mashine imegoma?" aliuliza Mzee Benson.

"Najua."

"Na mimi nisingejua."

"Usingejua, mzee. Mwalimu angejua."

Mzee Benson alimkagua toka juu mpaka chini, kama alivyokuwa akikagua mabehewa enzi zake, asiache hata msumari. Alipomaliza alikohoa.

"Mtoto angesingizia mashine," alisema. "Mwambie Gregori aje Jumamosi. Aje na njaa, mama yenu atapika." Akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja. "Na hiyo kazi ya stoo. Umeipenda?"

Ansbert alijishika tai.

"Haendi," alijibu Tupokigwe.

"Nilimuuliza yeye."

"Sijaipenda, mzee," alisema Ansbert. "Ila kama ndiyo itakayonipa Mwalimu, nitahesabu chaki mpaka nizeeke."

"Usihesabu," alisema Mzee Benson. "Utakuja kulaumiwa miaka arobaini na mitano. Nina uzoefu." Na akaenda zake, moja kwa moja kwa mkewe, aliyekuwa bado anapepewa na wenzake, akamwinamia sikioni. Hakuna aliyesikia alichoambiwa, lakini Mama Auleria alimpiga kofi la bega akacheka mpaka akashika mbavu.

Wakabaki wawili, na meza ya vyombo katikati yao. Tupokigwe aliokota waya, akauzungusha mkononi, akauweka.

"Usiuze," alisema.

"Siuzi."

"Nilikukosea, Ansbert. Nilikuletea maneno ya watu wengine nikiwa nimekaa na wewe. Uliniuliza kama nakuona mtoto, nikakaa kimya. Nilipaswa kukujibu palepale. Nakuona mtu wangu. Ndivyo nilivyokuonaga siku zote."

Ansbert alimtazama, na safari hii hakukuwa na kuaga machoni mwake. Vijana walikuwa wamerudi mlangoni, wanapiga miluzi wakidai kuingia tena, safari hii kwa muziki wao wenyewe.

"Ulinikosea kweli," alisema. "Iliniuma mpaka basi."

"Utanisamehe?"

"Nitakusamehe, Mwalimu, ila taratibu, siwezi yote kwa mara moja." Akaketi, akavuta kompyuta, na tabasamu lile ambalo Tupokigwe alilikosa mwezi mzima likaanza kutokea upande mmoja wa mdomo. "Leo kidogo, kesho kidogo. Itabidi uwe unapita kwangu kila jioni kuulizia kama nimemaliza."

Tupokigwe akasema atapita, na hata Ansbert akimaliza kumsamehe, ataendelea kupita.